Ishirini na Saba kwa Penseli

Jumapili, tarehe kumi na nne Julai, saa nane na dakika ishirini mchana. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Saa naikumbuka vizuri, maana ndio kwanza nilikuwa nimetazama ukutani nione nimebakiwa na dakika ngapi kabla Bevan hajaanza kunihutubia.

Hakuchelewa.

"Mzee Merv," akasema, "leo Bibi Wenna anaumia kama wenzake wote, au anastaafu. Chagua."

Kwa msomaji aliyeikosa sehemu ya wiki iliyopita, nitakumbusha haraka. Mimi ni Mervyn Pascoe. Nimeendesha foklifti miaka thelathini na moja, mpaka wakubwa walipogundua kwamba mashine inayojiendesha haiombi likizo. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne. Mke wangu Glenys alikufa Machi ya mwaka jana, wiki tatu baada ya daktari mkubwa kumwambia ana mwaka mzima na ushee wa kuishi.

Mchezaji alikuwa Glenys. Mimi nilikuwa dereva tu. Kila Jumapili, miaka kumi na tisa, nilimleta hapa ukumbi wa skauti, mjini Ulverstone, nikabaki kwenye gari nasikiliza mpira redioni. Yeye na wenzake walikuwa ndani wamezunguka meza, wanajifanya watu wengine. Nilikuwa nawacheka. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanabishana kama jini linaweza kuogelea na buti.

Alipokufa, nikakaa kwenye kiti chake. Sasa nami nabishana.

Mchezo wenyewe si mgumu. Bevan Vanderzee ni msimulizi. Anakaa nyuma ya kadibodi iliyosimamishwa mezani ili tusione karatasi zake wala madadu anayorusha. Yeye anatuambia tuko wapi, sisi tunamwambia tunafanya nini, dadu linaamua. Kila mchezaji ana mhusika wake, na kila mhusika ana karatasi yake, na kwenye karatasi kuna kisanduku cha uhai. Ukipigwa, uhai unapungua. Ukifika sifuri, umekwenda.

Uhai unaandikwa kwa penseli, sababu unafutwa na kuandikwa upya kutwa nzima. Hata mgeni wa siku ya kwanza analijua hilo.

Mhusika wa Glenys ni Bibi Wenna, kikongwe mwizi, fundi wa kufungua kufuli, ana miaka sabini na mdomo mchafu. Nilimrithi. Na kwenye kisanduku chake cha uhai kuna ishirini na saba, aliyoiacha Glenys Jumapili yake ya mwisho hapa mezani. Baada ya siku hiyo mkono wake haukushika penseli tena.

Kwa hiyo siifuti. Miezi kumi na saba Bibi Wenna hajapigwa hata kofi. Anafungua mlango, anakimbia, anajificha nyuma ya pipa mpaka wenzake wamalize kufa.

Na neno moja zaidi kabla hatujarudi mezani. Jumapili hiyo ya mwisho, nilipokuwa namrudisha nyumbani, Glenys alitazama dirishani akasema, "Leo nimedanganywa, Merv." Nikamuuliza na nani, akanipiga kofi dogo gotini, akasema niangalie barabara. Wiki tatu baadaye alikuwa marehemu, na mimi nikajua ni nani. Nimeandika barua kumi na moja juu ya yule daktari. Hatimaye wakubwa wa madaktari wameniita. Jumatano saa nne asubuhi nakwenda mbele ya jopo, niape na kurudia maneno hayo ya mke wangu.

Mmeyashika hayo? Haya, turudi.

"Nichague?" nikamwambia Bevan. "Wewe ni nani wa kunichagulisha, bosi?"

"Mimi ndiye msimulizi."

"Ulichaguliwa na nani?"

"Na Glenys," akasema.

Hapo akanikata maini kidogo. Nikachukua pai ya nyama, nikaimwagia sosi, nisionekane.

"Hakuna anayetaka kukuonea, Mzee Merv," akasema Tamsin. Tamsin ni mtu wa posta, anasambaza barua na baiskeli yake ya umeme, na ndiye aliyenisaidia kunyoosha maandishi ya barua zangu zote kumi na moja. "Ila nimekufa mara tatu mwaka huu nikimkinga Bibi Wenna. Mara tatu! Na yeye yuko nyuma ya pipa anakula mkate."

"Ana njaa. Ni mzee."

"Ana mapipa kila mahali, huyo bibi," Kosta akadakia. "Tumeingia jangwani, kuna pipa. Tumeshuka chini ya bahari, kuna pipa. Mimi nauza samaki, Merv, sijawahi kuona pipa chini ya bahari."

Wakacheka. Hata mimi mdomo ulinicheza kidogo.

Kosta ndiye mwenye imani kuliko sisi sote. Siku hizi madadu yake hayaguswi na mtu. Dadu likimwangusha, linaingia kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko, ndiyo jela yake, linakaa humo wiki mbili au tatu mpaka litie akili. Kuna moja jekundu limo humo limefungwa maisha. Ukimuuliza kosa lake, anakwambia, "Lenyewe linajua."

Tamsin naye usiku hulaza madadu yake upande wa ishirini ukiwa juu, ati yazoee. Nilikuwa nawaona wehu. Sasa mimi mwenyewe dadu la kijani la Glenys nalifunga kwenye soksi yake, na nikisahau soksi narudi nyumbani kilomita kumi na nane kuifuata. Na siruhusu karatasi ya Bibi Wenna inakiliwe; Bevan aliwahi kutaka tubadilishe kanuni na kuanza karatasi mpya, nikakataa. Hapa mezani wote tunaamini hivyo: mhusika akinakiliwa na mkono mwingine, huyo ni mtu mwingine kavaa nguo zake.

"Tutumie vifungo," nikasema. "Wenna akiumia, naweka vifungo vya shati pembeni. Kifungo kimoja, uhai mmoja. Namba inakaa palepale."

"Nimekwisha kukataa hilo," akasema Bevan.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ninakujua. Vitaanza kuanguka chini ya meza."

"Unaniita mwizi?"

"Ninakuita mjane, Merv."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Yule Bevan ana kisauti cha upole kama cha mtu wa ofisini anayekuambia fomu yako imepotea. Nimekisikia kisauti hicho maisha yangu yote. Aliyenitoa kazini alikuwa nacho. Daktari alikuwa nacho.

"Cheza," nikasema. "Cheza tuone."

Akacheza. Akatuingiza kwenye mnara, ngazi za mawe, mlango wa chuma juu kabisa. Kufuli tatu. Nyuma ya mlango, mtoto wa mfalme tuliyemtafuta tangu Krismasi.

"Mimi nauvunja," akasema Kosta.

"Ni chuma."

"Nauchoma," akasema Tamsin.

"Mtoto yuko upande wa pili."

Wote wakageuka kunitazama. Nikaelewa. Mkubwa huyu alikuwa ameujenga mnara mzima kwa ajili yangu. Hapakuwa na pipa hata moja.

"Anayejua kufuli ni Bibi Wenna peke yake," akasema Bevan. "Rusha."

"Na nikikataa?"

"Mtoto anakufa njaa."

"Ni mtoto wa karatasi!"

"Na Bibi Wenna ni nini?" akauliza Tamsin, taratibu.

Nikalitoa dadu la kijani kwenye soksi. Nikalipuliza. Glenys hakuwa akilipuliza, alikuwa akilitukana. Nikalirusha.

Likazunguka, likagonga sahani ya pai, likatulia.

Moja.

Nyie hamjui moja ni nini. Dadu lina pande ishirini. Ishirini ni heri yote, moja ni balaa yote. Kosta akajishika kichwa. Tamsin akasema, "Mama yangu."

"Sindano ya mtego inaruka kutoka kwenye kufuli ya tatu, inamchoma Bibi Wenna," akasema Bevan. Akarusha nyuma ya kadibodi yake, akatazama, akashusha pumzi. "Tisa. Ishirini na saba toa tisa, kumi na nane. Bado mzima sana, Merv. Ni kidonda tu. Futa, uandike kumi na nane, mlango unafunguka, mtoto anatoka. Wote tunakwenda nyumbani kwa furaha."

Akaisukuma raba mezani mpaka ikagusa kidole changu.

"Sifuti."

"Merv."

"Nimesema sifuti. Umerusha umejificha. Nitajuaje ni tisa? Pengine ni mbili. Nyie wenye kukaa nyuma ya makadibodi mnatuambia mnachotaka, na sisi tufute tu. Daktari naye alikuwa na karatasi zake, kazigeuza asizione mke wangu. Mwaka na ushee! Wiki tatu!"

"Mimi si daktari."

"Baba mmoja mama mmoja. Ukiigusa namba hii, Bevan, nakuapia, nakutoa nje na hiyo kadibodi yako kichwani."

"Kaa chini, mshikaji," akasema Kosta.

"Sikai! Hiki ndicho kitu cha mwisho alichoandika duniani! Sina kingine! Hata kadi ya kuzaliwa kwangu mwaka ule alisaini muuguzi!"

Ndugu wasomaji, nilikuwa nimesimama, mzee wa miaka sitini na tatu, sosi kidevuni, kwa ajili ya namba mbili za penseli. Sioni haya kuyasema. Haya itanijia baadaye.

Tamsin akamwangalia Bevan. "Mwambie," akasema.

"Hapana."

"Mwambie, Bevan, au namwambia mimi. Mtu gani anaweza kuendelea hivi?"

Bevan akavua miwani. Akaifuta na sweta. Akaivaa. Akaivua tena.

"Hiyo namba si ya Glenys," akasema. "Niliandika mimi."

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka kabisa.

"Mkono wake ulikuwa unatikisika siku ile," akasema. "Aliangusha penseli mara mbili. Akanisogezea karatasi, akasema, niandikie wewe. Nikafuta thelathini na nne, nikaandika ishirini na saba."

"Muongo."

"Itazame saba, Merv."

Nikaitazama. Ilikuwa saba ya kawaida, ina kijistari kinachokatiza shingoni.

Bevan akafungua daftari lake, akaliweka kando ya karatasi. Saba zimejaa ukurasa mzima. Zote zimekatizwa shingoni.

"Baba yangu alihama Uholanzi na saba zake," akasema. "Ndivyo alivyotufundisha."

Nikashusha macho kwenye karatasi ya Bibi Wenna. Pale alipoandika Glenys mwenyewe umri wa kikongwe, sabini. Saba tupu, haina kijistari. Pale kwenye idadi ya funguo malaya, zile za kufungua kufuli yoyote, kumi na saba. Tupu. Zimekaa mbele ya pua yangu miezi kumi na saba. Mtu aliyesoma angeziona siku ya kwanza.

Niwaambie nilichokuwa nafanya na namba ile? Nilikuwa naipitisha kidole kabla sijazima taa. Kila siku. Kumbe nilikuwa nampapasa Bevan Vanderzee.

Nikaikamata raba.

"Merv, taratibu," akasema Tamsin.

Nikafuta. Nikafuta kwa nguvu zote, mpaka karatasi ikaota manyoya, mpaka kisanduku chenyewe kikabaki kivuli. Nikaipuliza ile takataka ya raba ikaingia kwenye chai ya Bevan.

"Haya," nikasema. "Umefurahi?"

Halafu Kosta, ambaye hata nyumba ikiungua atauliza kanuni inasemaje, akakuna shingo.

"Samahani," akasema. "Sasa Bibi Wenna ana uhai kiasi gani? Kumi na nane?"

"Kumi na nane," akasema Tamsin haraka.

"Hana," akasema Bevan.

"Nini?"

"Hana uhai. Hana tangu Februari ya mwaka jana." Akawa anaongea na daftari lake. "Siku ile mlipigana na jitu la mawe kule machimboni. Jitu lilimlenga Bibi Wenna. Nilirusha, likaja ishirini. Pigo kamili, arobaini na moja. Yeye alikuwa na thelathini na nne."

Tamsin alikuwa ameziba mdomo. Hili naye hakulijua. La kuandikiwa namba alilijua. Hili hapana.

"Nikasema saba," akasema Bevan. "Nilimtazama, amejifunga skafu yake ya njano, amekonda hivi, na nikaona siwezi. Ningemwambiaje Glenys kwamba amekufa? Siku ile? Nikasema, jitu limeteleza, umekwaruzwa tu, saba."

"Kwa hiyo mimi," nikasema, "miezi kumi na saba, namficha nani nyuma ya pipa?"

"Merv."

"Namficha maiti?"

"Nilidhani nitakwambia. Halafu ukaja ukakaa pale kwenye kiti chake na karatasi yake kwenye mfuko wa plastiki, na soksi. Kila Jumapili ikawa ngumu kuliko ile iliyopita. Nikaona nikibadilisha kanuni, tukianza na karatasi mpya, mambo yatakwisha yenyewe. Ulipokataa, nikajenga mnara."

Nilikuwa natafuta tusi. Ninayo mengi, yote niliyatumia kwa wakubwa mbalimbali, na siku ile hata moja halikuja. Kwa sababu kuna wazo lilikuwa limeanza kunijia, na sikulitaka lifike.

Tamsin lilimfikia kabla yangu. Nilimwona uso unabadilika.

"Mzee Merv," akasema. "Yale maneno ya kwenye gari. Tumeyaandika kwenye barua zote. Aliyasema siku gani?"

"Unajua siku gani."

"Sema."

"Jumapili. Nilipomchukua hapa."

"Na daktari alimwona lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa," akasema Tamsin. "Na Ijumaa jioni alisema nini? Jumamosi je?"

Hakusema kitu. Ijumaa alipika. Jumamosi alitengeneza keki zake za chokoleti na nazi za kuleta huku. Aliimba, akiwa na pumzi nusu. Jumapili akaingia ukumbi huu mwenyewe kwa miguu yake, akatoka, akafunga mkanda wa gari, akasema, leo nimedanganywa.

Leo.

"Aliniamini," akasema Bevan. Sauti yake ya ofisini ilikuwa imekwisha, alibaki na ya mtoto aliyevunja kitu. "Aliniamini, Merv. Alicheka. Alisema jitu lenyewe lijifunze kutembea."

"Ulirushia wapi?"

"Hapa. Nyuma ya kadibodi."

"Na yeye alikaa wapi?"

"Hapo ulipo wewe. Mtu haoni kitu kutoka hapo." Kisha akatazama sakafuni. "Aliangusha raba," akasema polepole. "Aliinama kuiokota. Upande wangu."

Nikainama. Nikaweka mkono sakafuni, pale ambapo raba ingeanguka, nikageuza kichwa. Ukiinua kichwa kutoka pale chini, macho yakawa sawa na meza, kando hiyo kadibodi ya Bevan haifichi chochote. Niliona daftari lake, miwani yake, dadu lililotuambia tisa. Lilikuwa jeusi, namba nisingeisoma kama nisingelisogezea pua: kweli tisa, mshenzi yule.

Nikainuka magoti yakilia.

Jumatano saa nne asubuhi nitasimama mbele ya watu watatu wenye tai. Nitaapa kwamba mke wangu alitambua daktari kamdanganya, na alikwenda kaburini na uchungu huo. Barua kumi na moja. Na yumkini Glenys alikwenda kaburini anacheka, kwa kuwa rafiki yake alimfichia dadu moja.

"Ulirusha dadu gani?" nikamuuliza Bevan. "Ya kwako ni meusi, yote. Kutoka sakafuni huwezi kusoma namba kwenye dadu jeusi."

Bevan alikuwa anamtazama Kosta.

Kosta alikuwa ameikumbatia chupa yake ya jamu.

"Nilisahau mkoba wangu siku ile," akasema Bevan. "Niliazima la Kosta."

Ndani ya chupa kulikuwa na dadu moja tu, jekundu lenye namba nyeupe, kubwa, zinazosomeka kutoka upande wa pili wa chumba. Lile lililofungwa maisha. Lile ambalo lenyewe linajua.

"Kosta," nikasema. "Ulikuwa umekaa na Glenys bega kwa bega. Ulijua limekuja ishirini, ndiyo maana ukalifunga. Ni Bevan aliyekwambia?"

Bevan akatikisa kichwa. "Sikumwambia mtu."

Kosta akafungua kifuniko. Miezi kumi na saba hakijafunguliwa kwa dadu lile, kilikwaruza kama mlango wa zamani. Akalitoa kwa vidole viwili, akaliweka juu ya karatasi ya Bibi Wenna, kwenye kisanduku nilichokifuta. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Kosta si mtu wa kulia, anakata vitunguu tangu ana miaka tisa.

"Basi nani alikwambia, Kosta?" nikamuuliza. "Glenys aliliona?"

"Aliliona, akaninong'oneza nilifunge maisha na nisimwambie Bevan kamwe," akasema Kosta.